Sahihi ya Mjomba wa Mgodini

Jumamosi asubuhi Nilda Ayaviri alikuwa jikoni kwake, Oruro, mji wa migodi kwenye nyanda za juu za Bolivia, anakunywa api, ule uji wa mahindi ya zambarau, huku akisubiri uso umalizike. Mashine ya kuchapa vitu ilikuwa mezani, katikati ya sufuria na redio, kwa sababu jikoni ndipo mahali pekee penye joto katika nyumba ile, na kwa baridi ya Oruro plastiki hujikunja kabla pua haijatoka. Aliifunika mashine kwa shali la kubebea watoto. Hakuwa na mtoto wa kubeba, na mashine ilikuwa inalia vya kutosha.

Pembe zilikuwa tayari, zimelala pembeni. Kidevu kilikuwa kimetoka, na meno, na pua, na mashine ilikuwa inapanda kwenye macho, yale macho makubwa yaliyotokeza ambayo marehemu baba yake alikuwa akiyatengeneza kwa balbu zilizoungua. Hapo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye tovuti ya wapenda ufundi, ambako watu wa dunia nzima hupeana bure michoro ya vitu vya kuchapa: vitufe vya majiko, vishikio vya baiskeli, sanamu za paka. Ujumbe ulisema faili la Nilda limeondolewa. Kampuni moja ya mavazi ya sherehe, yenye makao katika kisiwa fulani, ilikuwa imelalamika kwamba uso wenye pembe mbili, macho yaliyotokeza na mjusi juu ya paji ni mali yake, umesajiliwa, na anayeusambaza anaiibia.

Nilda aliusoma ujumbe, akarudia. Alipoinua kichwa mashine ilikuwa bado inafanya kazi, ila macho hayakutoka. Plastiki ilijipanga pale pale penye macho ikawa laini kama yai. Kisha pua ikazama, meno yakarudi ndani, na pembe zilizokuwa pembeni zikasinyaa kama pilipili zilizoanikwa. Akaizima mashine, maana uzi wa plastiki ni ghali, akamalizia uji wake kabla haujapoa.

Uso wenyewe ulikuwa wa Mjomba. Mjomba ndiye mwenye mgodi. Hukaa kule chini gizani na mwili wake wa udongo, na wachimbaji kila Ijumaa humpelekea majani ya koka, pombe kali, na sigara ya kumwekea mdomoni ikiwa imeshawashwa. Yeye kwa upande wake hushika dari isiwaangukie. Kwenye Kanivali watu huvaa uso wake, wakaitwa mashetani, na kucheza mpaka miguuni pa Bikira wa Mgodini, ambaye ni bosi wake, au jirani yake, inategemea umemuuliza nani. Baba yake Nilda, mzee Fortunato, alitengeneza vinyago vya uso huo maisha yake yote. Nilda mwenyewe alikuwa mwalimu wa fizikia. Kuchapa kulikuwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyofuga kasuku.

Faili lile alilichora kwa ajili ya mdogo wake. Eusebio alikuwa mchimbaji mpaka siku dari ilipoanguka naye akiwa chini yake. Mawe yalizima taa, yakavunja toroli, na jiwe la mwisho, kubwa kuliko yote, likasimama hewani juu ya kifua chake likakaa hapo mpaka alipoburutwa nje. Eusebio hakujua amshukuru nani, na kwa kuwa si mjinga hakutaka kumkosea yeyote. Akaahidi kucheza miaka mitatu mbele ya Bikira akiwa amevaa uso wa Mjomba. Miwili aliicheza. Kabla ya wa tatu akaenda kushona nguo Buenos Aires, kwa sababu ahadi hailipi kodi ya nyumba, na akakubaliana na Bikira kwamba atacheza huko huko, pamoja na wenzake wa nyumbani ambao hubeba sanamu yake mitaani.

Nilda alitaka kumpelekea kinyago cha bati cha baba yao. Forodhani walikizuia, wakamrudishia, wakasema ni urithi wa taifa, hauruhusiwi kutoka. Hapo ndipo alipokichora kwenye kompyuta, kila kunyanzi, akakiweka mtandaoni ili Eusebio akichape duka lolote la karibu. Watu wengine nao wakakiona. Madrid walikichapa, São Paulo walikichapa, na hata katika mji mmoja wa baridi, Mbolivia pekee aliyekuwako alikichapa akacheza peke yake sebuleni.

Kosa lilikuwa dogo. Kabla ya kulipandisha faili, Nilda aliinyunyizia kompyuta pombe kidogo kama inavyonyunyiziwa nyumba mpya au gari, na tovuti ilipomuuliza mtunzi wa kazi hii ni nani, akaandika: Mjomba. Pale Oruro hakuna ambaye angeandika vinginevyo.

Alimpigia Eusebio.

"Dada, huku kimetoka kiazi," Eusebio alisema. "Fundi ananiuliza kama ni helmeti ya pikipiki."

"Na huku kimetoka kiazi. Wamelifungia faili."

"Nani kalifungia?"

"Kampuni. Wanasema uso ni wao."

"Wao walikuwapo mgodini lini?"

"Hawajawahi kuwapo."

"Basi yameisha. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Hiyo ni sheria yetu sisi, mdogo wangu. Ya kwao inasema aliyekuwapo ndiye hana lake."

Eusebio akakohoa. Alisema kuna jambo jingine, si kubwa, ila jana limeanguka jiwe juu ya cherehani yake. Nilda akauliza jiwe gani. La kwetu, Eusebio akasema, lenye madini ya bati, analijua kwa harufu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kati, na juu yake alikaa kinyozi mmoja wa Kiparagwai aliyekuwa na sakafu nzima isiyo na tundu. Jiwe lilitoka darini na dari haikuwa na alama. Lilikuwa dogo, ukubwa wa yai la kuku.

"Naona lile kubwa limechoka kusubiri," Eusebio alisema. "Kanivali iko karibu, dada. Nitafutie uso."

Nilda akajaribu njia zote. Alilituma faili kwa jina la mapishi ya nyama kavu, likatoka kiazi. Alituma pua peke yake, ikatoka pua safi; akatuma sikio, likatoka sikio. Eusebio alipovigundisha pamoja vikatazamana kama watu waliokosana, kisha vikayeyuka vikawa kiazi. Alipiga picha kinyago cha baba yake kilichotundikwa ukutani, lakini alipoishusha simu akaona kinyago chenyewe kimepoteza jicho la kushoto. Kufikia siku iliyofuata la kulia lilikuwa limefuata, na mjusi alikuwa amebaki mkia.

Kwenye mtaa wa watengeneza vinyago mambo yalikuwa hayo hayo. Mzee Severo, aliyefanya kazi na baba yake Nilda, alikuwa amevigeuza vinyago vyake chali dukani na kuvijaza machungwa.

"Nauza mabakuli, mwalimu," alisema. "Zile pembe zilizobaki ni za kushikia. Usicheke, yananunuliwa kuliko vinyago."

"Wala sicheki, mzee Severo. Hukulalamika?"

"Nililalamika. Wakaniuliza kama nina hati. Nikawaambia nina babu. Wakasema babu hapandishwi mtandaoni."

Basi Nilda akaenda kwa wakili Rolando Urquidi, ambaye kama mawakili wote wa Oruro aliitwa daktari, ingawa hakuna aliyewahi kupona mikononi mwake. Daktari Urquidi alisoma ujumbe wa Kampuni kwa furaha ya mtu anayesoma lugha ya kwao.

"Kupinga kunawezekana," alisema. "Mtunzi anatoa tamko kwamba kazi ni yake, anaapa, anakubali kushtakiwa kwenye mahakama ya kule kisiwani, anatia sahihi. Wanalirudisha faili. Kitu chepesi kabisa."

"Nipe kalamu."

"Wewe ni nani?"

"Daktari, mimi na wewe tulisoma darasa moja."

"Kwenye faili, namaanisha. Hapa palipoandikwa mtunzi, umeandika Mjomba."

"Ningeandika nani? Baba alisema anayejiita mtunzi wa uso wa Mjomba ataamka hana meno."

"Ni adabu nzuri," daktari Urquidi akasema. "Lakini tovuti haijui adabu, inajua jina. Aje mwenyewe. Na mwambie asisahau kitambulisho, maana siku hizi hata marehemu wanaombwa."

Nilda akapanda mpaka mlangoni pa mgodi. Hakuingia. Wanawake hawaingii, kwa kuwa inasemekana Mjomba akimwona mwanamke huacha kushika dari akaanza kumtazama. Alimpa mfuko wa koka mzee Crisóstomo, kiongozi wa kikosi aliyewahi kufanya kazi na Eusebio, akamweleza shida yake, kisha akakaa juu ya jiwe kusubiri. Upepo wa nyanda za juu ulikuwa unapuliza kama kawaida yake, bila adabu.

Mjomba akatoka. Alikuwa wa udongo mwekundu, amevaa buti za mpira alizopewa na wachimbaji, na pembe zake ziligusa nguzo za mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, kiganja kimeangalia mbinguni, na hakuushusha hata alipoinama. Akakunja uso kwa mwanga.

"Wewe ndiye dada yake yule mbahili?" akauliza.

"Mbahili gani, Mjomba?"

"Eusebio. Alikuwa akiniwashia sigara, anavuta nusu yeye kwanza, ndipo ananiwekea mdomoni. Kila Ijumaa. Nusu sigara, dari nzima."

"Naomba radhi kwa niaba yake, Mjomba."

"Nani kasema kanikosea? Alikuwa ananipigia soga. Hawa wengine wananiomba tu." Akautazama mkono wake ulioinuka. "Jiwe lake ndilo hili nimelishika. Nilimwambia Bikira nitalishika miaka mitatu ya ngoma, zaidi hapana. Mkono umekufa ganzi. Mwambie acheze."

"Hawezi kucheza bila uso wako. Wameuzuia."

"Nani?"

"Watu wa kisiwani."

"Wamekosa nini kwenye bahari yao," Mjomba akasema, akavuta buti zake vizuri, wakashuka mjini.

Ofisi ya vitambulisho ilikuwa imejaa. Mjomba alikaa kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, mkono juu, na karani kila alipopita alimwambia aushushe, zamu yake itafika. Watu walimsalimia kwa heshima. Mama mmoja muuza vitunguu alimpa sigara, na askari wa mlangoni akamtoa nje avute kisha akamrudisha mahali pake pale pale, jambo ambalo hafanyiwi kila mtu. Wachimbaji nao siku hizo zote hawakuingia kazini. Walikaa mlangoni pa mgodi wakitafuna koka, wakisema Mjomba yuko mjini kwa shughuli za kiserikali.

Karani, mama Betsabé, alivaa miwani.

"Jina?"

"Mjomba."

"Jina la ukoo?"

"Sina. Mimi ni mjomba wa wote."

"Lazima liwepo. Tutaandika la Mgodi. Tarehe ya kuzaliwa?"

"Kabla."

"Kabla ya nini, baba?"

"Kabla ya tarehe."

Mama Betsabé alijaribu. Kompyuta ilikataa. Alijaribu karne iliyopita, ikakataa. Akajaribu mwaka ambao yeye mwenyewe alizaliwa, ikataka cheti cha kliniki. Tarehe pekee ambayo mfumo uliikubali bila cheti ilikuwa ya siku ile ile. Akaiweka hiyo. Mambo ya umri, alisema, hurekebishwa baadaye kwa barua, na mwenyewe alikuwa anamfahamu mtu aliyerekebishiwa akiwa hai.

"Kazi?"

"Kushika dari."

Akaandika: mjenzi. Walipotaka alama ya kidole, kidole cha udongo kilibaki kwenye kibao, Mjomba akakiokota akakirudisha mahali pake. Picha ilitoka vizuri. Macho yalikuwa yametokeza, pembe zimeingia zote, na mjusi alikuwa ametazama kamera.

Daktari Urquidi alipokiona kitambulisho alisema kuna tatizo moja: kwa mujibu wa kadi hii mtunzi ni mtoto mchanga, hawezi kuapa bila mlezi. Nilda akatia sahihi kama mlezi. Mjomba akasoma tamko lote kuanzia juu hadi chini, akauliza maana ya maneno mawili, akakubali kushtakiwa kisiwani, akatia sahihi yake polepole kwa mkono wa kulia. Kalamu iliungua kidogo kwenye ncha. Tamko likapelekwa.

Wakati wanasubiri jibu Mjomba alilala jikoni kwa Nilda, pembeni ya mashine, kwa sababu alizoea joto. Asubuhi alikunywa api akasifia. Nilda alimwonyesha jinsi mchoro unavyokatwa tabaka kwa tabaka mpaka unapata mwili, na Mjomba akasema hata yeye alitengenezwa hivyo hivyo, kwa udongo, na watu waliokuwa na haraka.

"Waliokutengeneza waliandika majina yao?" Nilda akauliza.

"Walikuwa na njaa. Na msimamizi alikuwa anakuja."

Simu ya Eusebio ilikuwa inakuja kila jioni. Mawe sasa yalikuwa ukubwa wa papai. Mwenye nyumba alikuwa amemwandikia barua ya onyo kuhusu uchafu.

Jibu la Kampuni lilikuwa la upole sana. Iliwashukuru kwa ushirikiano. Ilisema, kwanza, kwamba Kampuni ilisajili uso ule miaka kadhaa iliyopita, ilhali mlalamikaji, kwa mujibu wa kitambulisho chake mwenyewe, amezaliwa juzi. Hivyo kama kuna aliyemwiga mwenzake, hesabu ni rahisi. Pili, picha iliyo kwenye kitambulisho hicho inaonyesha uso uliosajiliwa ukitumiwa bila kibali, tena kwenye kadi ya serikali. Tatu, kwa kuwa mlalamikaji amekubali mahakama ya kisiwani kwa sahihi yake halali, mahakama hiyo imekaa, imesikiliza upande uliokuwapo, na imeamuru auache uso huo mara moja. Akipenda anaweza kuukodi, kwa masharti nafuu, msimu hadi msimu.

Daktari Urquidi aliisoma kwa sauti, akakiri kwamba imeandikwa vizuri.

"Achana nao, Mjomba," Nilda akasema. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Kisiwa chenyewe hata kwenye ramani ya shule hakionekani. Watakufanya nini? Watakuja kukukamata chini ya ardhi?"

"Hawatakuja."

"Basi uchane karatasi turudi nyumbani."

Mjomba alikuwa anaitazama sahihi yake. "Wachimbaji wananipa sigara, mimi nashika dari," alisema. "Hakuna karatasi, lakini ni mapatano. Nikianza kuchagua neno langu lipi nilishike na lipi nilivunje, mwalimu, nani atakubali tena kufanya kazi chini yangu?"

"Lakini wao wamekudanganya."

"Wamenidanganya, ndiyo. Mimi ndiye nimetia sahihi."

Alivaa buti zake, akamshukuru kwa uji, akapanda mlimani kwa miguu. Wachimbaji walisimama wakavua helmeti. Alipita katikati yao akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake cha mawe, na Crisóstomo, aliyemfuata na taa, alisema baadaye kwamba hakukuwa na kelele yoyote. Uso ulijifuta taratibu kama ubao unavyofutwa, kuanzia pembe kushuka chini. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawakusema lolote kuhusu kinyago chako kilichosajiliwa na mwingine.

Kanivali ikaja. Kampuni ilileta vinyago vyake kwa malori, na vikundi vyote vikavikodi, maana ngoma haiwezi kusubiri mahakama. Tusiseme uongo, vilikuwa vizuri. Vilikuwa vyepesi, havikuchubua shingo, na meno yake yalikuwa yamenyooka kama ya tangazo la dawa ya meno. Ndani, kwenye paji, palikuwa na karatasi iliyosema kisivaliwe kwenye mvua, na kwamba mvaaji hana haki yoyote juu ya sura yake akiwa amekivaa. Mashetani walipita barabarani mstari kwa mstari, wote na tabasamu moja. Watalii walipiga picha. Mzee Severo alisimama pembeni akiuza machungwa, na mabakuli yake yalikuwa yameisha.

Buenos Aires hapakuwa na malori. Eusebio alivaa kile kiazi, akakifunga kwa utepe mwekundu chini ya kidevu, akacheza kutoka mwanzo wa mtaa mpaka kwenye sanamu ya Bikira. Alimpigia dada yake bado anahema.

"Nimecheza, dada. Yote. Sikupumzika hata pale kwenye kona ya bia."

"Na Malaika?"

Katika ngoma ile Malaika Mkuu huwapiga mashetani mmoja mmoja kwa upanga, na aliyepigwa ndiye anayehesabiwa kuwa amecheza.

"Malaika alikuja mpaka mbele yangu. Akanitazama. Akaniomba nipishe, akidhani mimi ni mtu wa usalama barabarani."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia mimi ni shetani. Akasema, kaka, nakuona jua limekupiga kichwani, kanywe maji."

Kwenye simu Nilda alisikia kitu kizito kikianguka, na Eusebio akisema si kitu, ni kwenye kitanda, na kitandani hakuna mtu.

"Padre kasema Bikira anaona moyo," Eusebio akaendelea. "Nimenunua nguzo za mbao, nimeegemeza dari kama tulivyokuwa tunafanya kule. Mwenye nyumba anataka kunishtaki kwa kujenga bila kibali."

Ijumaa iliyofuata Nilda alipanda mgodini na koka, chupa ya pombe na pakiti ya sigara. Alikaa juu ya jiwe lake kama siku ile. Mzee Crisóstomo akatoka akamwambia aingie.

"Niingie mimi?"

"Ingia, mwalimu. Hana macho ya kuona kwamba u mwanamke. Angalia tu kichwa, dari imeanza kushuka."

Ndani kulikuwa na joto, kama jikoni. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa nyuzi za karatasi za rangi ambazo wachimbaji walimvisha siku ya Kanivali. Kwenye mabega palikuwa na yai la udongo mwekundu, laini, lisilo na chochote. Miguuni pake zilikuwa zimetapakaa sigara nzima, zilizowashwa zikaanguka, kwa sababu kila mtu alijaribu na hakuna aliyejua mdomo ulikuwa wapi hasa.

Nilda alijua. Alikuwa ameuchora, kila kunyanzi. Akaweka kidole juu ya udongo, akapima kutoka begani, akapata mahali penyewe. Akawasha sigara, akavuta nusu yeye mwenyewe, ingawa havuti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaishika pale pale, kwa vidole vyake, mpaka ikaisha. Alimpigia soga. Alimwambia habari za shule, za mzee Severo, za Malaika na jua la kichwa. Moshi uliingia kwenye udongo kidogo kidogo, au ulipotea tu, taa haikuwa kali.

Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu. Nilda alisimama kwenye ncha za vidole akaugusa. Ulikuwa unatetemeka kidogo, vile mkono wa mtu unavyotetemeka akiwa amebeba ndoo kutoka mbali na bado hajaiona nyumba.

Alipotoka nje akatafuta mahali penye mtandao, akampigia Eusebio.

"Bado ameshika," akamwambia. "Lakini cherehani yako isogeze karibu na mlango."